Pumzi ya Bibi Harusi Nayo Hupimwa



Kabla ya harusi tunapima mengi. Kiuno kwa ajili ya gauni, kidole kwa ajili ya pete, na siku hizi hata damu. Pumzi haimo kwenye orodha. Sijapata kusikia mama akiuliza mwanawe anavuta hewa lita ngapi, na hata mimi nisingelijua jambo hili kama si harusi ya mdogo wangu.

Yeye alikuwa akikohoa usiku. Ukiwashwa udi kifua kinambana na kinatoa sauti kama filimbi. Wengine nyumbani walisema ni baridi ya kipupwe, wengine wakasema ni kijicho cha watu. Mama aliliogopa neno pumu kuliko maradhi yenyewe: wakwe wakisikia watasema tumewapa mgonjwa. Zilikuwa zimebaki wiki saba, na kuna siku nzima za kufukizwa udi mbele yake. Nikamchukua hospitali.

Kipimo chenyewe kinaitwa spirometri. Hakuna sindano wala dawa ya usingizi. Aliulizwa umri, akapimwa urefu bila viatu, akaambiwa alegeze nguo iliyombana kifuani na tumboni. Mpimaji alikuwa mwanamke, akafunga mlango ili ninja ivuliwe kwa amani. Pua ikabanwa kwa kibanio, mdomo ukashika bomba. Vuta hewa mpaka mwisho, kisha puliza kwa nguvu zote na usiache mpaka uambiwe. Hurudiwa angalau mara tatu, kwa sababu matokeo hayaaminiki mpaka yafanane.

Mashine inatoa namba mbili kubwa. Ya kwanza ni hewa yote uliyoipuliza. Ya pili ni ile iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza tu. Mdogo wangu alitoa lita 3.1 kwa jumla, lakini sekunde ya kwanza lita 1.9, yaani kama asilimia 61. Kijana mwenye afya hutoa zaidi ya robo tatu katika sekunde hiyo. Mimi nilipuliza baada yake, nikatoa asilimia 83. Hewa anayo ya kutosha, mlango ndio mwembamba.

Akapewa dawa ya kupanua njia za hewa kwa pampu, tukasubiri dakika 15, akapuliza tena. Sekunde ya kwanza ikapanda hadi lita 2.4. Nusu lita nzima! Njia zinazofunguka hivyo kwa dawa ni dalili kubwa ya pumu, na pumu inatibika vizuri. Daktari alipoiunganisha na kikohozi cha usiku na moshi wa udi, hakuwa na shaka.

Nilirudi nyumbani na hamu ya kujua zaidi. Aliyekianzisha kipimo hiki ni daktari wa Uingereza, John Hutchinson. Mwaka 1846 alichapisha matokeo ya watu zaidi ya 2,000 waliopuliza kwenye chombo chake, ndoo iliyopinduliwa ndani ya maji, ikipanda kadiri hewa inavyoingia. Ndiye aliyeonyesha kwamba mtu mrefu ana hewa nyingi zaidi, na ndiyo maana hadi leo unapimwa urefu kwanza. Baadaye wapo waliokitumia chombo hicho kudai kwamba watu weusi wana mapafu duni, na kwa miaka mingi mashine nyingi zilipunguza kiwango cha kawaida kwa mtu mweusi. Matokeo yake, mgonjwa angeweza kuambiwa ni mzima. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipendekeza viwango visivyoangalia rangi. Ukienda kupimwa, uliza mashine inatumia kipi.

Kuna hewa nyingine ambayo huwezi kuipuliza hata ujitahidi vipi. Kwa mtu mzima ni kama lita moja, na hubaki ili mapafu yasigandane. Spirometa haiioni. Mwaka 1800 Humphry Davy alijipima hewa hiyo kwa kuvuta haidrojeni. Siku hizi hutumika heliamu. Ni kama kumimina kikombe cha sharubati ndani ya mtungi wa maji: ukijua utamu umepungua kiasi gani, utajua mtungi ulikuwa na maji kiasi gani. Njia nyingine ni kuvuta oksijeni tupu na kupima nitrojeni inayofukuzwa kifuani.

Shangazi yetu wa Maskati, ambaye kifua chake kimechoka kwa miaka mingi, aliwekwa ndani ya kibanda cha vioo kilichofungwa. Akahema huku bomba likizibwa kwa sekunde chache, na mashine ikahesabu kwa mabadiliko ya shinikizo la hewa kibandani. Njia hii ilielezwa mwaka 1956, na faida yake ni kwamba huihesabu hata hewa iliyonaswa nyuma ya njia zilizoziba, ambayo heliamu haiifikii. Mdogo wangu hakuihitaji.

Sasa likaja la wakwe. Mama alitaka tunyamaze mpaka baada ya ndoa. Mdogo wangu akasema hataki kuanza maisha akificha pampu chini ya mto. Akamweleza mchumba wake mwenyewe. Siku mbili hatukusikia kitu, na nyumba yetu ilikuwa kimya kama ya msiba. Siku ya tatu mamkwe alikuja, akauliza jambo moja: chumba cha maharusi kitiwe nini kisimdhuru?

Tulikubaliana hivi. Nguo zilifukizwa siku mbili kabla, yeye akiwa nyumba nyingine, kisha zikaanikwa upepeni. Chetezo hakikuingia chumbani. Manukato yakawa ya asumini na vikuba. Dawa yake alitumia kila siku kama alivyoandikiwa, na usiku wa harusi hakukohoa, alhamdulillah.

Neno la mwisho kwa wenye ndoto za mtoto. Mimba inapokua husukuma mapafu kutoka chini, na hewa inayobaki baada ya pumzi ya kawaida hupungua kama sehemu moja ya tano. Nguvu ya kupuliza, hata hivyo, haibadiliki sana. Kwa hiyo kifua kinachopiga filimbi wakati wa mimba kisiitwe uchovu wa mimba tu, na pampu isiachwe bila kumuuliza daktari.

Shoga, kama unakohoa kila udi ukiwashwa, nenda ukapulize. Mwili ni amana. Na mwambie anayekuoa, maana ndiye atakayekutafutia pampu usiku wa manane, inshaAllah.