Kofi la Stelingi

Mtaani kwetu kuna sheria ya sinema ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa picha lazima arudi. Sasa niambieni, vijana wenzangu, mbona Sidney Poitier alikuwa anakufa?

Katika Edge of the City (1957) anauawa akimtetea rafiki yake mzungu. Mwaka huohuo, katika Something of Value, picha ya vita vya Mau Mau kule Kenya, yeye ndiye Kimani, na anakufa shimoni. Mwaka 1958, katika The Defiant Ones, ni mfungwa anayetoroka. Keshadandia treni, keshapona, halafu anajiachia aanguke kwa kuwa mzungu aliyetoroka naye kashindwa kupanda. Huyo ni stelingi gani?

Na jamaa hakuwa mlaini hata kidogo. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya wa Cat Island, Bahamas. Yeye alizaliwa Miami mwaka 1927 walipokwenda kuuza mazao. Akiwa na miaka 16 alikuwa New York, anaosha vyombo. Alipokwenda kujaribu bahati kwenye kikundi cha American Negro Theatre walimfukuza: kusoma kwa shida, lafudhi ya kisiwani. Akanunua redio akawa anaiga watangazaji. Mhudumu mmoja mzee wa hotelini, Myahudi, akawa anakaa naye usiku kumfundisha kusoma gazeti. Sauti ile tunayoisifu aliichonga mwenyewe.

Mwaka 1964 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora, kwa Lilies of the Field, ambamo anawajengea masista kanisa. Weusi wenzake wengine walishaanza kumchoka. Kila picha yeye mwema, msafi, anasamehe.

Ndipo ikaja In the Heat of the Night, 1967. Yeye ni Virgil Tibbs, askari mpelelezi kutoka Philadelphia. Anamhoji tajiri wa pamba, tajiri anamzaba kofi. Tibbs anarudisha papo hapo. Mkuu wa polisi wa mji katoa macho tu! Na msidhani ilikuwa mchezo. Mwaka 1964 yeye na Harry Belafonte walipeleka fedha Mississippi kwa vijana waliopigania haki ya weusi kupiga kura, wakafukuzwa kwa magari na watu wa Ku Klux Klan. Ndiyo maana alikataa kwenda kupiga picha Kusini, na sehemu kubwa ikapigwa Sparta, Illinois.

Mimi nina hadithi yangu. Msichana wa kazi anazabwa kofi kwa sababu ya maziwa yaliyomwagika, naye anarudisha. Mhariri mmoja aliniandikia kwa kalamu nyekundu: alie tu, wasomaji wamwonee huruma. Nikamsomea mama yangu, aliyefanya kazi za ndani kabla sijazaliwa, nikijua atakuwa upande wangu. Akanyamaza kidogo.

“Mwanangu, mimi sikurudisha. Ningerudisha, usiku ule ningelala wapi?”

Tangu siku ile nazitazama picha za zamani za Poitier kwa jicho jingine. Tangu No Way Out ya 1950 hadi kofi lile ni miaka 17. Alikuwa akisamehe kwenye picha zilizoandikwa na wengine, ili mlango usifungwe. Mwaka 1972 akakalia kiti cha mwongozaji mwenyewe, katika Buck and the Preacher. Alifariki Januari 2022, ana miaka 94.

Tibbs alikuwa na kitambulisho cha polisi mfukoni. Msichana wangu ana kimfuko cha nguo. Kofi sikulifuta. Nimeongeza kurasa mbili, za usiku ule, anatafuta pa kulala.