Chini ya rangi nyekundu

Wasikilizaji wengi mnaniuliza kwa nini gari yangu, ile Toyota Surf ya zamani ninayoendea kutafuta habari, imelala garajini hapa Bukavu siku nne. Jibu ni freni. Nimepata etriye mbili za mbele za okazioni, kila moja ina pistoni nne, zilizotolewa kwenye Toyota kubwa zaidi. Etriye ndiyo chuma kinachobeba plakete na kubana disiki ya gurudumu unapokanyaga pedali. Anayeshuka Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, anajua kwa nini mtu anatafuta zenye nguvu: mteremko mrefu, kona juu ya kona, bonde chini yako, na nyuma umepakia mama na watoto na matela zao, watu wanaokimbia vita.

Muuzaji alikuwa amezipaka rangi nyekundu ya kung'aa, kama kawaida ya vitu vya okazioni. Mzee mekanisie hakuitazama rangi hata kidogo. Alipima kwanza kama zinaenea ndani ya jante na kukaa sawa juu ya disiki, kisha akatoa pistoni kwa hewa ya kompresa, polepole, kipande cha ubao katikati na vidole mbali, maana pistoni ikiruka inavunja kidole. Mbili zilikuwa zimeliwa na kutu. Pistoni ya namna hiyo kuisugua kwa msasa ni bure. Itakwaruza jwenti na mafuta yatavuja. Tulinunua mpya, pamoja na jwenti zote na mipira ya kuzuia vumbi.

Hapo ndipo wenye magari wengi wanabana pesa. Jwenti ni pete ndogo tu ya mpira, lakini inazuia mafuta yasitoke, na tena inairudisha pistoni nyuma kidogo unapoachia pedali. Ikichoka, plakete zinabaki zimebana, disiki inawaka moto, mafuta ya freni yanachemka, na pedali inazama mpaka chini. Na msizioshe kwa esansi wala mazuti, mpira unavimba. Mzee alitumia alkoli, na baadaye akapaka jwenti mafuta mapya ya freni kabla ya kusukuma pistoni ndani kwa mkono.

Rangi tulipaka pia, sikatai, inazuia kutu ya nje. Tulikwangua ile ya zamani kwa burashi ya waya, tukaziba matundu yote, tukaacha bila rangi pale plakete zinapoteleza na pale etriye inapofungiwa. Lazima iwe rangi ya kuvumilia moto. Ile ya milango ya nyumba inaungua.

Wakati wa kufunga, kijana mmoja alitaka kuweka ya kushoto upande wa kuume. Inaingia bila shida! Lakini skrubu ya kutolea hewa inageuka chini, na hewa hukaa juu, basi haitoki kamwe. Mafuta tuliyotia ni DOT 4, kopo lililofunguliwa pale pale, kwa sababu yanavuta unyevu wa hewa: yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 230, yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155.

Jana nilijaribu mahali tambarare, nikikanyaga kidogo kidogo ili plakete zizoee disiki. Kesho natelemka Kamanyola. Mwenye mzigo wa jamaa zake walioko kule anikute garajini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.