Kutoka Sumaku hadi Karatasi ya Mnada

Miaka ya 1980, mtu wa Sumbawanga aliyetaka kununua gari hakuanza kwa kuuliza limetembea kilomita ngapi. Aliuliza ni la nani. Kama ni pikapu ya Peugeot 504 ya daktari, bei ilikaa juu. Kama ni ya mfanyabiashara wa Laela anayepakia magunia ya mahindi mpaka springi zinalala, ilishuka kabla hata boneti haijafunguliwa. Jina la mwenye gari lilimaliza nusu ya mazungumzo. Nusu nyingine ilikuwa ya fundi.

Fundi niliyemfuata tangu utotoni alikuwa na gereji Majengo. Hakuwa na kifaa cha maana zaidi ya sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Aliipitisha taratibu kwenye bodi, kutoka matairi ya mbele hadi nyuma, na pale ilipogoma kushika alijua chini ya rangi kuna filla, na chini ya filla kuna ajali ambayo muuzaji hakuitaja. Kisha alichomoa kijiti cha oili, akainusa, akaisugua kati ya vidole. Mwisho alitaka gari lishuke bonde la Rukwa kwa njia ya Muze na kupanda tena. Likiimaliza milima ya Lyambalyamfipa bila kuchemsha, hapo ndipo watu walikaa chini kutaja fedha.

Magari yenyewe yalikuwa machache. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, na kuagiza gari kulihitaji kibali ambacho mtu wa kawaida wa Ufipa hakukiota. Mwaka 1984 serikali ilipoanza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za nje, na Mzee Mwinyi alipoendelea kulegeza kamba, magari ya Kijapani yaliyotumika yalianza kuonekana, mengi yakipitia Dubai. Huku kwetu yalifika yamechoka, kwa barabara ya Tunduma iliyokuwa tope masika na vumbi kiangazi.

Magari ya kasi tuliyajua kwa redio tu. Kila Pasaka tulisikiliza habari za Safari Rally. Wakubwa walitusimulia jinsi Datsun 240Z ilivyoshinda mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Walimtaja Joginder Singh na Lancer yake ya 1974 na 1976 kama wanavyotaja ndugu. Na mwaka 1975 mshindi alikuwa Ove Andersson ndani ya Peugeot 504, ndugu wa damu wa pikapu za kwetu! Vijana walichora namba za mashindano kwenye baiskeli. Mimi naamini mapenzi ya magari Ufipa yalianzia hapo, kwa watoto ambao hawakuwahi kuyaona yakipita.

Mkonga wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Lami ya kutoka Tunduma, iliyotokana na mkataba wa MCC wa mwaka 2008 kati ya Tanzania na Marekani, nayo ikawa inajengwa. Ndani ya miaka michache kijana aliyekaa Katandala, hapa Sumbawanga, akiwa na simu mkononi aliweza kutazama magari yaliyoegeshwa Yokohama. Fundi wangu alichukizwa. Aliuliza mtu ananunuaje gari ambalo hajainusa oili yake.

Aliyembadilisha ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anayefanya biashara ya alizeti. Siku moja alimletea karatasi ya mnada aliyoichapa dukani. Minada mikubwa ya magari Japani, kama ile ya USS, haiuzi kwa watu wa nje moja kwa moja. Unapitia wakala mwenye uanachama. Lakini kila gari linapoingia mnadani hukaguliwa, na mkaguzi huacha maandishi yake. Juu kuna alama: 5 ni karibu na jipya, 4 ni zuri, 3.5 lina makovu ya kawaida, na R au RA ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi yake, kuanzia A kushuka. Kisha kuna mchoro wa gari lililolazwa wazi kama ngozi ya mbuzi, na juu yake herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kando ya herufi kuna namba ya ukubwa wa tatizo.

Fundi alivaa miwani. Alikaa na karatasi ile muda mrefu, akifuata kila herufi kwa kidole kama alivyofuata sumaku. Swali lake likawa moja tu.

"Aliyeandika haya analipwa na nani?"

"Na mnada, si na muuzaji," mpwa wangu akajibu. "Na mnunuzi akikuta kasoro kubwa ambayo haikuandikwa, ana muda wa kulalamika."

"Basi huyo ni fundi mwenzangu."

Tangu siku ile alianza kudai karatasi kwa kila aliyeleta gari la Japani gerejini kwake. Wengi hawakuwa nayo. Wengine walikuwa nayo na kilomita zilizoandikwa zilikuwa nyingi kuliko zile za kwenye dashibodi, kwa kuwa kati ya Japani na Sumbawanga kuna mikono inayojua kurudisha kilomita nyuma.

Mpwa wangu alitaka Toyota Altezza. Hapa nchini jina hilo linajulikana na kila kijana, lakini wengi waliozinunua walipata AS200, yenye chesisi ya GXE10 na injini ya silinda sita isiyo na haraka. Yeye alitaka RS200, chesisi SXE10, yenye injini ya 3S-GE ya silinda nne inayofika nguvu za farasi 210, gia sita za mkono, na mita za dashibodi zilizopangwa kama uso wa saa ya kifahari. Gari hilo lilitoka mwaka 1998, likatwaa tuzo ya Gari la Mwaka Japani, na Toyota wakaacha kulitengeneza mwaka 2005.

Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita. Mnada ukianza asubuhi kule, Sumbawanga ni alfajiri, na baridi ya Juni katika mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 si ya mchezo. Tulikaa jikoni karibu na jiko la mkaa tukisubiri ujumbe wa wakala. Unamtajia dau lako la mwisho, na gari linapofika zamu yake linauzwa kwa muda mfupi kuliko wa kumimina chai. Tulikosa, tukakosa tena. Kila tulipokosa, bei ya kushinda ilikuwa imepanda kidogo juu ya ile ya mwezi uliopita, na ndipo tukaanza kuuliza sababu.

Sababu iko mbali. Marekani huruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa soko lake kuingia likitimiza miaka 25. Huko ndugu wa Altezza aliuzwa kama Lexus IS 300 yenye injini nyingine; RS200 hawakuipata kamwe. Kwa hiyo kuanzia 2023 wanunuzi wao wamekuwa mnadani pamoja na kijana wa alizeti wa Katandala. Tena magari mengi ya aina hii yaliharibiwa na vijana wa Japani kwa mashindano ya kuteleza, hivyo lililobaki na viti vyake, ringi zake na ekzosi yake ya kiwandani limekuwa adimu.

Hapa pana jambo linaloniuma. Kenya imefunga mlango kwa gari lililozidi miaka 8. Tanzania haikufunga, na ninashukuru, lakini juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, gari la zamani hutozwa nyongeza ya uchakavu. Uzee ule ule unaopandisha bei Japani unapandisha kodi Dar es Salaam. Kwa gari la kawaida naelewa: nchi haitaki kuwa jalala. Gari adimu linalotunzwa na kuendeshwa Jumapili si uchafu, na ningependa lipewe fungu lake katika sheria.

Altezza ilikuja. Alama 4, ndani B, W moja kwenye mlango wa nyuma kushoto. Fundi alipitisha sumaku gari zima mbele ya watu, na iliposita ilisita palepale penye W. Alicheka kwa furaha kama mtoto.

Jioni hiyo mpwa wangu alimwonyesha baba mdogo habari ya Datsun 240Z ya 1971 iliyouzwa kwenye mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer, Januari 2020, kwa dola 310,000. Baba mdogo, aliyekuwa dereva wa misheni, aliuliza kama ni ile ya Herrmann. Akaambiwa hapana, ni ya mtu wa kawaida. Ila ilitunzwa, na kila kitu chake kinajulikana. Akanyamaza, kisha akasema lake pia linajulikana.

Lake ni Land Rover ya 109 aliyouziwa na misheni alipostaafu. Magari kama hilo yamekwisha Ufipa kwa sababu bodi ni aluminiamu, na wanunuzi wa vyuma chakavu huilipia vizuri. Inayeyushwa kuwa masufuria. Gari lililobeba wagonjwa na wanafunzi wa nusu mkoa linakatwa kwa shoka na kupimwa kwa kilo. Kwake walikuja pia. Hakuuza, na ndani ya sanduku lake kuna madaftari ya misheni yenye kila safari, kila springi iliyokatika, na kila lita ya mafuta.

Mpwa wangu amechora Land Rover ile kwenye karatasi kubwa, kwa mtindo wa mnada. Chesisi ameipa S3, kwa kuwa kutu ipo na hatuifichi. U zimejaa kila upande. Baba mdogo anasimama kando na kusahihisha: bonde hili ni la ng'ombe wa Mpui, hili la lori lililorudi nyuma Namanyere. Kwa kuwa hakuna herufi za mambo hayo, yanaandikwa chini kwa maneno. Alama ya jumla tumekubaliana iwe 2, na fundi amesaini. Madaftari yanapigwa picha ukurasa kwa ukurasa ili yawekwe mtandaoni pamoja na gari. Bei ya kuanzia mpwa wangu ameiweka mara nne ya ile ya mnunuzi wa chuma, na baba mdogo anasema bado ni ndogo.