Nuru Iingie, Maji Yabaki Nje: Nyumba Kongwe za Idsowe

Msafiri atokaye Malindi kwenda Garsen hupita zaidi ya kilomita 100 za barabara, nyingi kati ya hizo zikiwa vichaka na vumbi, mpaka anapoukaribia Mto Tana. Hapo huiona migomba, huiona miembe mikubwa, na ardhi hubadilika rangi. Ndipo ilipo Idsowe, kijiji cha Wapokomo, watu wa jembe na mtumbwi. Mto ukijaa kwa kiasi, mpunga husitawi. Ukipita kiasi, kuta huanguka.

Tulikwenda kuzitazama nyumba za wazee, zile ambazo wenyeji huhesabu umri wake kwa mafuriko makuu ya 1961: hii ilijengwa kabla, ile ilijengwa baada. Ni nyumba za fito na udongo, vyumba viwili huku na viwili huku, ukumbi katikati. Makuti yake yaliondolewa zamani, yakawekwa mabati. Madirisha ni madogo, hayafiki dhiraa moja, kwa kuwa wazee walitaka ubaridi, usalama na sitara. Walivipata vyote vitatu, lakini saa nne ya asubuhi, jua likiwaka nje, mama wa nyumba huhitaji kurunzi ili aione sindano yake.

Vijana waliorithi nyumba hizi wanataka mwangaza, nao wana haki. Wengi hukimbilia dirisha kubwa la alumini lenye kioo cheusi, likitazama njia. Sisi hatulipendi. Kioo hicho huingiza joto, kisha watu wa nyumbani hukifunika pazia nzito ili wapitao wasiwaone. Ni kulinunua jua kwa fedha na kulivika kanga.

Mafundi wa kale wa Lamu, mji ulio mbele kwa barabara hiyohiyo, walilitatua jambo hili kabla yetu. Nyumba za mji ule, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, zina kuta nene za mawe zisizofunguka sana upande wa njia. Nuru hushuka katika kiwanda, uwazi wa ndani usioezekwa, na kutoka hapo huingia vyumbani. Mgeni huketi dakani, asiyaone ya ndani. Nuru na sitara hazikugombana.

Nyumba moja tuliyoizuru Idsowe imefuata njia hiyo kwa vifaa vya huku. Ukuta wa mbele haukuguswa. Ukuta wa nyuma ulibomolewa katikati, ukumbi ukafunguliwa kwenye baraza pana yenye paa la makuti, nayo hutazama uwanja wenye mwembe uliozungushiwa ua. Upande huo ni wa kusini. Basi kusi inapovuma, upepo huingia barazani na kupita ukumbini, na kwa kuwa jua letu hapa karibu na ikweta huchoma zaidi likichomoza na likizama, pande za mashariki na magharibi zimeachwa na vitundu tu, vyenye wavu wa mbu. Chini ya mabati pameachwa nafasi ya hewa ya moto kutoka. Siku hizi watoto husomea barazani, na bibi wa nyumba hupepeta mchele wake hapo akiwa amejisitiri.

Lakini kazi haikuanza na baraza. Ilianza na mstari wa maji. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliacha alama ukutani, usawa wa goti la mtu mzima. Fundi aliinua sakafu juu ya alama hiyo, akajenga kozi za chini kwa matofali ya saruji juu ya msingi wa mawe, kisha akarudia udongo juu yake. Ukuta wa udongo alioubakiza aliupiga lipu ya chokaa. Lipu ya saruji juu ya udongo huonekana nzuri mwaka mmoja. Baadaye unyevu hunaswa nyuma yake, ikapasuka na kubanduka na ukuta wake.

Ndugu wa mwenye nyumba hakuridhika. Alitaka mabati yang'olewe, watu wahamie juu, mbali na mto. Walibishana mbele yetu kwa adabu, uji ukipoa. Tuliona kila mmoja ana neno. Ambaye mstari wake wa maji umelifikia dirisha, tungemshauri ahame, wala asitie shilingi katika ukuta ule, hata kama ndipo alipozaliwa baba yake. Ambaye mstari wake ni wa goti anaweza kuinua sakafu. Miembe haihamishiki, na shamba liko pale.

Walikubaliana jambo moja: dirisha la chumba cha kaskazini lisitobolewe bado. Fito zake zimekwisha kupigwa alama ya makaa. Wanangoja masika ipite kwanza.