Pengo Lililotanuka

Kwetu Zagayu, jino likiuma kila mtu alikuwa na jibu moja: dawa ya jino ni kung'oa. Mimi niliambiwa hivyo mwaka 1987, nikiwa na miaka 12. Nilikuwa natoka ghala la chama cha msingi, tulikopeleka pamba, baiskeli ya baba ikanishinda kwenye mteremko na mdomo wangu ukagonga usukani. Jino la mbele la juu, upande wa kulia, likabaki nusu. Wiki chache baadaye ufizi ukavimba usaha. Baba akanipakia kwenye baiskeli ileile hadi hospitali, nikachomwa sindano ya ganzi, nikasikia koleo likisaga mfupani, kisha nikapewa donge la pamba ning'ate. Nilirudi nimeling'ata njia nzima, huku mashamba ya pamba yakiwa meupe kushoto na kulia.

Habari ya pengo haikuzungumzwa na mtu. Simlaumu aliyening'oa, maana alinitoa maumivu yaliyoninyima usingizi siku nne. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalikuwa yameanza pale Muhimbili mwaka 1979 tu, na huko kwetu, enzi hizo tukihesabiwa Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, kazi ya tabibu wa meno ilikuwa kung'oa. Jino likishatoka, kazi imekwisha.

Kwangu ndiyo kwanza ilianza. Msichana mwenye mwanya alisifiwa, na wavulana walimtungia maneno. Pengo halikuwa na sifa. Herufi ya "s" ilinitoka na mluzi, na darasani nikaacha kunyoosha mkono hata pale jibu nilipolijua. Mama aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye mwenyewe alikuwa na mapengo kadhaa, na kama akina mama wengi wa rika lake aliamini kila mimba huondoka na jino. Alicheka akiwa amejifunika mdomo kwa pindo la kanga. "Ukicheka, mwanangu, weka mkono," akaniambia. Nikajifunza kuweka mkono, na nikaweka mkono kwa miaka 11.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua nyumbani ni kwamba meno hutembea. Ni kama watu kwenye benchi la zahanati, mmoja akinyanyuka waliobaki hujitanua. Jirani wa kushoto na wa kulia walikuwa wanaegemea taratibu kwenye nafasi ya marehemu, na lile la chini, lililokosa wa kukutana naye, likaanza kupanda juu. Nilidhani nina pengo lilelile la utotoni, kumbe lilikuwa linafungwa polepole.

Mwaka 1998, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nilikusanya fedha nikapanda basi kupitia Lamadi na Magu hadi Mwanza. Fundi alinijaza mdomo kitu kama uji mzito wa baridi, akasubiri kigande, akakitoa kikiwa na alama za meno yangu yote. Niliporudi tena nilipewa jino la bandia kwenye kitako cha plastiki ya pinki, lenye vikono vya waya vya kushika magego. Kitako kilifunika kaakaa, hivyo ugali haukuwa tena na joto lake lote wala mchuzi ladha yake yote. Na jino lenyewe lilikuwa jembamba kuliko pacha wake, kwa sababu fundi alilikata kwa kipimo cha nafasi aliyoikuta. Lakini nilipojitazama kwenye kioo nililia. Nililivaa miaka zaidi ya 20. Usiku nililiweka kwenye glasi ya maji taa ikishazimwa, na mume wangu aliniona bila jino kwa mara ya kwanza siku nilipolazwa kujifungua.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka huohuo wa 1998 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha kifaa ambacho siku moja kingenifikia. Mmoja wa waliokibuni, Zia Chishti, alikuwa amenyooshwa meno kwa waya akiwa mtu mzima, kisha akapewa kifaa cha plastiki cha kuyazuia yasirudi. Alipogundua kwamba akikiacha meno husogea, na akikirudisha meno hurudi, akajiuliza kwa nini vifaa kama hivyo visifanye kazi yote, kimoja baada ya kingine. Mwaka 1997 yeye na Kelsey Wirth walianzisha kampuni ya Align Technology huko California. Wazo la kusukuma meno bila waya lilikuwa la zamani zaidi, maana mwaka 1945 daktari Harold Kesling alikwisha kulijaribu kwa mpira. Kilichopatikana sasa ni kompyuta ya kuchora hatua zote kabla jino halijasogea.

Kitako changu kilipasuka mwaka 2021, nikiwa kwa binti yangu Dar es Salaam. "Mama, usitengeneze kingine," akasema, akanipeleka kwa daktari wa meno, dada mdogo aliyenipa shikamoo na kuniketisha karibu na dirisha. Akapima. Jino langu zima la mbele lilikuwa na upana wa milimita 8 na nusu, na pengo la pembeni yake milimita 6. Jino la kupandikiza lingekosa pa kukaa. "Tutaanza kwa kulitanua pengo lako, mama," akasema.

Nilinyamaza. Maisha yangu yote nilikuwa nalificha pengo hili, na sasa nalipa fedha liwe kubwa.

Nilipewa alaina 14, vifuniko vya plastiki angavu vinavyovaliwa juu ya meno saa 22 kwa siku. Kila baada ya siku 10 unavaa nyingine, na kila moja husogeza jino kama robo milimita. Unaivua wakati wa kula, na wakati wa chai ya moto pia, maana joto huipinda. Penye pengo kompyuta huchora ganda la jino lililo tupu ndani, na ganda tupu halidanganyi mtu, kwa mbali utaona giza linalong'aa. Basi daktari alichagua rangi kwa kuilinganisha na meno yangu kwenye mwanga wa mchana, akapaka ile dawa laini ya kuzibia meno ndani ya ganda, ukuta wa mbele tu, tabaka jembamba, akaikausha kwa taa ya buluu. Nilimwomba ajaze ganda lote ili jino liwe imara. Akakataa. Likijaa litakandamiza ufizi, alaina haitakaa sawasawa, na meno ya jirani yanayotakiwa kusogea yatabanwa. Alinitengenezea tatu kwa mkupuo. Nilizitazama zimepangwa kwenye sahani ya chuma, jino langu mara tatu, kila moja likizidi lililotangulia kwa unene wa unywele.

Desemba nikaenda nyumbani. Zagayu sasa iko Wilaya ya Itilima, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Nilipiga magoti mbele ya mama. "Mwangaluka, mayu." Likaletwa sinia la michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Enzi za kitako ningekula nacho. Sasa kula ni kuvua, na jino huondoka na alaina. Kaka zangu walikuwepo, na wake zao, na watoto. Nikageukia ukutani, nikavua, nikaiweka kwenye kiboksi chake, nikageuka. Niliwatazama watu wangu nikiwa na pengo wazi, pana kuliko lilivyowahi kuwa tangu utotoni, nikaanza kutafuna.

Mama aliomba kiboksi. Akaishika alaina kwa vidole viwili, akaielekeza mlangoni kwenye mwanga.

"Hili ndilo lile la baiskeli?"

"Ndilo, mayu."

"Mbona shimo limekuwa kubwa?"

Nikamweleza habari ya benchi, na waliojitanua, na namna wanavyosogezwa sasa ili mwenye nafasi yake akae. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaiachia kanga, akafungua mdomo mbele yetu sote, akaanza kugusa mapengo yake kwa kidole, kila moja akilitaja kwa jina la mtoto aliyekuwa tumboni lilipong'olewa. Alianza na kaka mkubwa. La nne lilikuwa langu.