Kompyuta ya Mbuzi Mmoja

Jamani, mnaotutania Wapare kwa ubahili, leo chekeni mpaka basi! Baba aliuza mbuzi kule Mamba, akanipa hela nikanunue kompyuta mdogo wangu aombee chuo. Nafika Same mjini, hela haitoshi hata ya mtumba. Nirudi mlimani mikono mitupu? Thubutu!

Nikamwangukia fundi mmoja jirani na stendi. Alikuwa na kompyuta tatu mbovu kwenye gunia. Moja ikatoa boksi na pawasaplai, ya pili mazabodi, ya tatu diski. RAM ya DDR2 ikagoma kuingia kwenye nafasi ya DDR3, maana mkato wake uko pengine. Tukachokonoa gunia, tukapata inayofaa. Kuwasha, kioo cheusi, mashine inalia pi-pi-pi tu! Moyo ukanilipuka. Fundi akachomoa RAM, akayasugua meno yake kwa raba ya shule, akairudisha. Ikawaka!

Baba wala hakushangaa. “Wahunzi wetu Washana hawakutupa jembe bovu,” akasema. “Walilirudisha motoni.”

Mdogo wangu keshaomba chuo. Na chenji ya mbuzi? Mzee aliidai kabla hata sijakaa!