Matairi ya Ba'mdogo

Baba yangu hakuuawa na gari. Aliuawa na nguzo. Pikapu aliyopanda ilikatika breki kwenye mteremko wa mtaani kwetu, hapa Mwanza, ikaacha barabara, ikakutana na nguzo ya zege. Nguzo haikutikisika hata kidogo. Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili.

Miaka minne baadaye, kwenye kona ileile, kipanya kilichojaa abiria wa asubuhi nacho kikakatika breki. Hatua chache kutoka kwenye nguzo ndipo ba'mdogo wangu anapoziba pancha, na pembeni ya kibanda chake alikuwa amerundika matairi mabovu, yapata sitini. Kipanya kikaivaa ile rundo. Ndugu msomaji, nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea chai. Matairi yaliruka huku na huku, moja likateremka peke yake hadi kwa mama muuza dagaa. Kisha kimya. Halafu mlango ukafunguliwa, watu wakaanza kushuka, mmoja mmoja, kwa miguu yao wenyewe. Konda aling'oka jino. Dereva alibaki kwenye usukani analia kama mtoto.

"Haya, na matairi yangu nani atanikusanyia?" ba'mdogo akauliza. Watu wakacheka, kicheko kile cha mtu aliyerudi kutoka mbali. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama nguzo.

Usiku ule nilichukua daftari langu la fizikia, nikapiga hesabu ambayo darasani niliifanya ili nifaulu tu. Gari la kilomita 72 kwa saa linakwenda mita 20 kila sekunde. Likisimama ndani ya nusu mita, yaani pua imebonyea basi, mwili wa abiria unabanwa kwa nguvu inayokaribia mara 40 ya uzito wake. Likisimama ndani ya mita 5, nguvu hiyo inashuka hadi mara 4. Mwendo uleule, mtu yuleyule. Tofauti ni nafasi aliyopewa ya kusimama. Baba hakupewa nafasi.

Kumbe watu wa ziwani wanalijua hili siku nyingi. Nenda gatini utazame kivuko kinavyotia nanga. Chuma kizito kama kile hakiachwi kigonge zege uso kwa uso. Katikati yananing'inizwa matairi, nayo yanabonyea, yanalia kidogo, kisha kivuko kinatulia. Hata mitumbwi mikubwa ya wavuvi ina tairi ubavuni. Sisi wa barabarani ndio tumechelewa kujifunza.

Nikaanza kusoma kila nilichokipata. Nikakuta kisa cha tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya magari ya Le Mans, Ufaransa. Gari la Pierre Levegh liliruka likapiga tuta la pembeni, vipande vyake vikawaingia watazamaji. Walikufa zaidi ya 80, na Levegh mwenyewe. Mmarekani John Fitch alikuwa mwenzake wa kupokezana gari lilelile, anasubiri zamu yake. Mtu huyu baadaye alibuni mapipa ya plastiki ya kutia mchanga, yanayopangwa mbele ya nguzo na kingo za madaraja. Ya mbele yana mchanga kidogo, ya nyuma mwingi, ili gari lipunguzwe mwendo hatua kwa hatua badala ya kukomeshwa mara moja. Plastiki na mchanga, basi! Na kwenye viwanja vya mashindano, matairi yaleyale ya ba'mdogo hufungwa pamoja kwa bolti na kupangwa mbele ya kuta. Huko Indianapolis, Marekani, tangu mwaka 2002 ukuta wenyewe una mabomba ya chuma yenye sponji ngumu nyuma yake, unakubali kusukumwa kidogo.

Nilikuwa bado nasoma hayo siku walipokuja jamaa na rangi nyekundu. Wakachora X kwenye kibanda. Hifadhi ya barabara, matairi yaondoke.

Nikaandika barua kwa Kiswahili changu kizuri kuliko vyote, tukaenda ofisini, mimi na ba'mdogo, yeye kavaa shati la sikukuu. Bwana mmoja akaisoma yote. Akasema, bila ukali, "Kijana, tairi lisilofungwa likirukia barabarani linaua mwendesha pikipiki. Na likijaa maji linafuga mbu."

Kusema kweli, nilinyamaza. Alikuwa na haki. Nililiona kwa macho yangu lile lililoteremka hadi kwa muuza dagaa, lingeweza kumvunja mguu. Nikauliza swali moja tu, "Na nguzo je, mzee?"

"Nguzo ni ya idara nyingine."

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Ba'mdogo hakusema neno mpaka tulipofika kwenye mteremko. Kaka yake alikuwa amekufa pale, na katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimtaja akiwa mahali pale.

"Mwanangu," akasema, "wamesema tatizo ni kufunga na maji, sivyo?"

"Ndivyo, ba'mdogo."

Matairi mengi akamuuzia fundi wa katambuga. Akabakiza kumi na mawili. Jumapili nzima tukayatoboa chini ili maji yasikae, tukayaunga kwa nati na bolti, tukaizungushia nguzo safu mbili upande unaotazama mteremko. Mimi nilitaka safu tano, nikamwonyesha hesabu. Akaniambia safu tano zingeingia barabarani, na tairi kumi na mbili hazizai sitini. Hayafiki mita 5 za daftari langu. Hayafiki hata mita 2. Lakini nguzo sasa ina kitu cha kutoa kabla ya kutoa zege.

Hakuna aliyetuletea barua nyingine. Wala hakuna aliyeyagonga hadi leo. Nikipita asubuhi huyabonyeza kwa kiganja, yanaingia kidogo, yanarudi. Naomba yachakae palepale, bila kufanya kazi hata siku moja.